Posa na Miguu Isiyotulia

Miguu yangu haina adabu. Mchana, nikiwa Igogo nauza vitenge, inanisikiliza. Jua likianza kushuka nami nikikaa, ni kama sisimizi wanatembea ndani ya vigimbi, na hawaondoki mpaka nisimame. Daktari alinipima damu, akasema madini ya chuma yamepungua. Akanipa vidonge, akanikataza kunywa chai ya rangi pamoja na chakula. Kuikosa chai kuliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hizi jioni naikanda miguu kwa maji ya baridi, nazunguka uani, maisha yanaendelea.

Wakwe walipotaka kuvuka ziwa kutoka Kamanga kuja kumposa binti yangu, niliwaomba waje asubuhi. Kivuko kikachelewa, kikao kikaanza jioni. Kwetu mama wa binti hukaa kimya wazee wakiongea. Akiinuka akatoka, ameikataa posa. Wifi yangu alishaninong'oneza, "Leo ujifunge kamba."

Nilikunja vidole, nikabana mapaja, nikamwomba Mungu. Mazungumzo yalipofika kwenye ng'ombe wa mahari, nikainuka. Nikaenda hadi nje, nikarudi, nikatoka tena. Mshenga wao akaanza kutafuta viatu vyake. Niliogopa sana, maana binti yangu alimpenda yule kijana kweli kweli.

"Mnisamehe," nikasema. "Sijakataa. Ni miguu, ina ugonjwa wa kutotulia. Natumia dawa."

Mama wa kijana akanitazama. "Pole, mama. Na mtoto naye anao?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nyuma ya pazia, ambako anayeposwa hatakiwi hata kukohoa, binti yangu akajibu, "Ninao. Tangu sekondari. Mwenzangu anajua."

Macho yote yakamgeukia kijana, aliyekaa kando ya mama yake. Akainamisha kichwa. "Ukimshika huwa tunatembea ufukweni, kule Pasiansi, mpaka unapoa."

"Kumbe mnatembea!" Wifi akashindwa kujizuia, na wazee wakacheka.

"Basi turudi kwenye ng'ombe," mama wa kijana akasema. "Wewe mama, tembea tu."

Nikatembea, huku nalia. Miaka yote nimezunguka ule ua nikidhani niko peke yangu, na mwanangu alikuwa chumba cha pili, amebana miguu yake asinisumbue.