Nilimkataza Mkwe Wangu Kupumua

Nimekosa jamani, tena nilikosa nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Jina langu liacheni. Kanisani bado naimba kwaya, na watu wananiita mama mwenye busara. Loo! Wangejua!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa soko la Tukuyu. Mwanangu alikuwa anauza mashati huko, nyumbani Kinyala anarudi Jumamosi tu. Mkewe, tumwite Tumpe, nilibaki naye mimi. Alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa.

Tangu hapo hali chakula, haogi, kutwa kageukia ukuta.

Nesi wa zahanati akamwambia, "Kila asubuhi kaa nje kidogo. Vuta pumzi polepole, sikiliza mvua, sikiliza ndege. Kisha oga, ule, utembee hata mpaka kwenye mashamba ya chai."

Akafanya. Baada ya siku chache nikamkuta anamenya ndizi, tena ananiomba chumvi!

Badala ya kushukuru, mimi nikaona aibu. Majirani wanapita na vikapu vya chai, mkwe wangu kafumba macho barazani!

"Unaongea na nani hapo?" nikamfokea.

"Siongei, Mama. Napumua tu."

"Kupumua nako ni kazi? Wenzio tumezika watoto na jembe tukashika!"

Kweli nilizika wawili. Sikulia mbele ya mtu. Labda ndiyo maana nilimchukia vile.

Nikamkataza kukaa nje. Nikawa nampa jembe hata uso hajanawa. Akalichukua. Wiki nzima akaenda shamba hivyo hivyo!

Alhamisi moja nikakuta kitanda kitupu, mlango wazi, mvua inamwagika. Mungu wangu! Nilikimbia peku migombani, naita mpaka sauti ikakauka. Majirani wakashuka mtoni. Kila aliyepanda kutoka huko namtazama usoni, naogopa kuuliza.

Nilimkuta mwenyewe, kwenye kibanda cha kupimia chai, amelowa chapachapa, anatetemeka.

"Sikuja kufa, Mama," akasema. "Nilitafuta mahali pa kupumua."

Mwanangu alipokuja hakunigombeza. Alifunga mizigo yao tu. Wamepanga chumba Tukuyu, na sasa wana binti wa miaka mitatu. Nikienda, Tumpe ananikaribisha vizuri, ila mtoto haniachii. Nami siombi.

Akina mama wenzangu, mtu akizama hivyo nyumbani mwenu, msimwite mvivu. Mwulizeni kama amekula. Akilia, kaeni naye. Mimi nilijua kufoka tu, na leo mjukuu wangu wa damu ananiita "yule bibi".