Hatua Nane za Zubeiri

Zubeiri bin Mgeni alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliomweka Karagwe hadi kufa. Alikuja Isingiro kutoka Pangani kwa miguu, enzi Wadachi walipokuwa bado wageni nchini, akawa muuzaji wa nguo katika duka la tajiri Ramadhani kwa miaka sita. Kisha ikaja habari kwamba mama yake anapofuka, anataka amwone mwanawe kabla macho hayajazima. Msafara wa Bwana Othman wa kwenda Pangani ulikuwa uondoke baada ya mwezi mmoja, na Zubeiri akaapa kuondoka nao.

Majora ya kaniki yalipangwa hadi darini, na kuyafikia ilikuwa kwa ngazi ya miti iliyofungwa kamba za migomba. Bi Kokubanza, mteja wa siku nyingi, alimwambia kwamba kiangazi kamba hizo hukauka zikakatika, ndiyo maana wenyeji huzilowesha kila asubuhi. Zubeiri akacheka, akasema kwao ngazi hainyweshwi maji. Kwao, jamani, ngazi hufungwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

Siku ya tatu kipago cha juu kilichomoka. Akaanguka na jora begani, mguu ukavunjika chini ya goti.

Mganga wa mifupa kutoka Ihembe akaunyosha, akaufunga vibanzi, akaonya visifunguliwe kwa miezi miwili. Msafara ulikuwa umebakiza siku ishirini. Kumi na tisa zilipopita, Zubeiri akafungua vibanzi mwenyewe, akatoka uani kumwonyesha Bwana Othman kwamba anatembea, jasho likimtiririka. Alipiga hatua nane. Ya tisa mfupa ukakatika upya. Inatia uchungu hata kusimulia.

Asubuhi ya safari Othman alimwinamia mkekani, akamuuliza mama aambiwe nini.

“Mwambie nimekufa,” Zubeiri alisema. “Anilie mara moja, yaishe. Asikae barazani kunitazamia.”

Mwaka uliofuata Othman alirudi, akamkuta ameketi dukani akipima nguo, mguu umepinda, gongo kando yake. Akampa habari kwamba hitima ilisomwa na watu wakala wali wakashiba. Zubeiri akauliza kama mama alilia sana.

“Hakulia,” Othman alisema. “Aliuliza tu kaburi liko wapi. Nilipoondoka alikuwa anatafuta mtu wa kumshika mkono amlete.”