Leo sikushika fagio

Leo nimefukuzwa kazi kwa sababu ya fagio.

Binti yangu Mwanasha anakwenda Ulaya, kazi ya kutunza wazee. Frankfurt alifika salama. Saa nne asubuhi akaniandikia: "Baba, naingia ndege ya pili, ya Oslo."

Kwetu msafiri akiwa njiani hatufagii mpaka afike. Marehemu mamake alishika sana hilo. Sasa nimebaki mimi.

Nikiwa mjengoni hapa Diani, nyapara akaniletea fagio. Mwenye nyumba anakuja kuangalia sakafu.

Nikamwambia, "Mwanangu yuko angani. Ningoje."

Akatazama simu yake. "Frankfurt mpaka Oslo ni kama kilomita elfu moja na mia moja. Masaa mawili tu. Nakupa hayo mawili, mzee."

Nikabeba mawe. Masaa mawili yakaisha, simu kimya.

Nusu saa tena. Kimya. Jiwe likaniponyoka.

Nyapara huyo. "Mzee, ndege haijui kama umeshika fagio!"

"Mimi najua."

"Basi nenda zako. Na kesho usije."

Nikaondoka. Kufika barabara ya lami, simu ikalia.

"Baba, nimefika! Nilikuwa nangoja begi langu, limechelewa."

Nikakaa chini palepale, kwenye vumbi.

"Mbona kelele za magari? Huko kazini?"

"Niko kazini, mwanangu."

Status hii nimemficha Mwanasha asiione. Mlio na namba yake, nawaomba mnyamaze.

Na nyinyi semeni kweli, mngefagia?