Mbao Kwenye Mdomo wa Turbo

Mama alipofariki alituachia shamba dogo la mahindi kule kijijini Kwanza na pikapu iliyochoka. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo niliacha shule, nikaingia gereji mjini Kitale, na spana ndiyo iliyowalea wadogo zangu. Pikapu sikuiuza. Hata injini yake ilipopasuka, niliifunika turubai nikaiacha ingoje.

Ndugu yangu anayefanya kazi Bungoma hakuona maana. “Siz, hiyo sasa ni nyumba ya kuku. Si uwape watu wa vyuma kuukuu?”

“Nipe nafasi moja. Injini nyingine ikikataa, nitawaita mimi mwenyewe.”

Nilipata injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori dogo lililopinduka, ila turbo yake ilikuwa imevunjika. Nikaipeleka Bungoma kwa fundi ambaye kazi yake ni turbo tu. Aliniwekea nyingine mkononi, imejikunja kama konokono wa chuma. Ndani mna magurudumu mawili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha la kwanza, na la pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Nilikuwa nimefungua injini nyingi, lakini sikuwahi kushika kitu kinachougeuza moshi tunaoutupa kuwa nguvu. Niliusukuma mhimili kwa kidole. Nilipoondoa kidole, uliendelea kuzunguka, kimya kabisa.

Tuliijaribu injini kabla ya kuitia kwenye pikapu, ikiwa imefungwa kwenye fremu ya chuma uani kwa fundi, ndugu yangu naye akiwa amekuja kutazama. Fundi alinipa kipande cha mbao.

“Dada, simama hapa kwa mdomo wa turbo, inapovuta hewa. Ikikimbia, ziba.”

“Ati ikimbie?” ndugu yangu akacheka. “Na haina magurudumu?”

“Cheka tu, bana,” fundi akamjibu.

Ikawaka. Ngurumo yake ilitulia, na juu yake turbo ikapiga mluzi mwembamba hata nikasisimka mwili. Kisha sauti ikaanza kupanda bila mtu kugusa kitu. Moshi ukajaa uani. Fundi alikata dizeli, lakini injini ikazidi kupanda: oili ilikuwa imepenya kwenye turbo, nayo injini ilikuwa inaichoma badala ya dizeli. Fremu ikaanza kutembea. Ndugu yangu alikuwa tayari barabarani.

“Ziba!” fundi akapiga kelele.

Nikaibandika mbao. Pumzi ya ile injini iliinyakua mikononi mwangu, ikaing'ang'ania, nami nikaiegemea kwa kifua. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Hata baada ya hapo mbao ilibaki imenata kidogo, ndipo ikaachia.

Nikafikiria wale watu wa vyuma kuukuu. Fundi alifuata paipu moja moja kwa kidole, akasimama kwenye ile inayorudisha oili kutoka kwenye turbo. Tulikuwa tumeipinda juu ili ipite chuma cha fremu.

“Oili inaingia kwa kusukumwa,” akasema, “lakini kurudi inateremka tu, kama maji. Sisi tumeiambia ipande mlima.”

Tukakata paipu, tukaielekeza chini moja kwa moja, tukasafisha oili yote iliyomwagikia njia ya hewa. Nikazungusha injini kwa spana. Ilizunguka laini, bila kukwaruza. Tulipoiwasha tena, niliishika mbao hadi mwisho, na haikuhitajika.

Karibu na kwetu Kwanza kuna mwinuko ambao pikapu ya Mama haikuwahi kuushinda ikiwa na mzigo. Sisi watoto tulikuwa tunaruka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu isirudi. Siku niliyoileta nyumbani na injini hiyo, imejaa magunia ya mbolea, ndugu yangu alikaa kando yangu. Tulipofika pale chini, mkono wake ukajiendea wenyewe kwenye mlango, akaufungua kidogo, tayari kuruka. Nikakanyaga mafuta. Mluzi ukapanda, kiti kikatusukuma mgongoni, na yale mawe ya zamani yakapita kando ya barabara.

Alifunga mlango polepole.

“Siz,” akasema, “usipunguze.”