Presha Niliyoipunguza kwa Kalamu

Nakumbuka asubuhi niliyoingia kijijini Musanda na mashine ya presha mgongoni, mwanangu, nikitembea kama tayari nimekuwa daktari! Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu. Lakini Daktari wetu wa moyo, mama aliyefundisha chuo kikuu na kufanya utafiti, alinichukua nipime watu nyumba kwa nyumba na kujaza fomu. Furaha ilinijaa hadi nikasahau njaa.

Sasa, kwa Kukhu Rosa, yaani Bibi Rosa, ajuza mkulima wa miwa na mwingi wa vicheko, mashine ilisoma mia moja tisini na tano. Juu kupita kiasi! Akaniwekea chai na viazi vitamu, kisha akanisihi, "Punguza kidogo, mjukuu wangu. Wanangu wakiona hiyo, jembe watanifichia nisilime tena!"

Nikamwonea huruma. Nikaandika mia moja na thelathini.

Kumbe Daktari alikuwa na desturi yake: kila wiki huchagua nyumba chache bila kutuambia, akapime tena mwenyewe. Alhamisi akachagua kwa Kukhu, akaenda nami. Akapima mara tatu. Akatazama fomu, akanitazama mimi.

"Usimgombeze," Kukhu akadakia. "Ni mimi nilimwomba. Na chai yangu alikunywa!"

Daktari akacheka kidogo, kisha akanigeukia. "Huruma unayo, binti. Lakini karatasi hii ingemnyima huyu mama dawa. Na mimi ningeenda kufundisha uongo darasani."

Machozi yakanitoka. Nilijua kazi imeisha. Badala yake akanivalisha masikioni chombo chake cha kusikilizia moyo, ncha yake akaiweka kifuani pa Kukhu. Mwanangu! Moyo wa mtu, nausikia kwa masikio yangu: du-dum, du-dum, unajitahidi kama anayepanda mlima na mzigo. Nilisisimka mwili mzima! Kukhu akaanza dawa wiki hiyo hiyo, nami nikarudi kupima nyumba zangu zote upya, kwa miguu, nikiimba.

Basi ota, mwanangu. Ota kuwa daktari wa moyo, ota kugundua tiba, hata kama kiatu kimetoboka. Lakini andika ulichokiona, si ulichoombwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyemsaidia kuficha hubaki na kilio. Mpende mgonjwa kwa kumwambia kweli, kisha ukae naye. Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono mitulivu, na wengi wazeeke kwa sababu wewe ulipita kwao.