Jeton ya Celsius

Amepita! Maman Mwavita amepita egzameni ya shimi, ile kemia! Pale ku mupaka wa Rusizi I bote balisikia, maana alipiga kelele na beseni ya sambaza ikiwa bado ku kichwa!

Ni yule maman wa kitenge cha njano, mwenye kuvuka kila asubui kuuzisha samaki Bukavu. Aliacha masomo juu alibeba mimba ya binti yake, Larissa. Sasa Larissa ni mukubwa, na mama yake anataka kuwa infirmière, wa kuuguza bagonjwa. Lakini shimi ilikuwa inamuangusha. Mwaka huu alisema: nikianguka tena, ninabaki na sambaza mpaka uzee.

Mwalimu Dominique, jirani yao, alikuwa anamufundisha ku baraza.

"Gaz ni litre sita, ku Celsius makumi mbili na saba. Uipashe mpaka makumi tano na ine, presio ibakie ile ile. Itakuwa litre ngapi?"

"Kumi na mbili! Moto mara mbili, gaz mara mbili. Njo vile!"

Larissa akaanguka na kicheko. "Maman, utatupasua bote!"

"Nyamaza, weye! Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hukugeuza Celsius kuwa Kelvin. Ongeza mia mbili makumi saba na tatu."

"Ile namba! Kila siku ninaisahau!"

Dominique akaangalia beseni, akatabasamu. "Maman, unavukaka mupaka bila jeton?"

Jeton ni kale kakaratasi ka kuvukia mupaka.

"Bila jeton? Banirudishe mbele ya banamuke bote? Jamais!"

"Basi Celsius nayo haivuke kuingia Kelvin bila jeton. Jeton yake ni ile namba."

Maman akaandika: mia tatu, mia tatu makumi mbili na saba. Akapiga hesabu.

"Sita na nusu na kidogo? Eh! Kumbe gaz inapanda kadogo tu!"

Tangu pale, hata chai ya moto alikuwa anaiuliza jeton. Larissa alichoka!

Siku ya egzameni: litre tatu, kutoka Celsius makumi mbili na saba mpaka mia moja makumi mbili na saba, presio ile ile. Mukono ukaanza kukimbia kuandika jibu. Akaushika. *Jeton iko wapi?* Mia tatu, mia ine. Litre ine!

Matokeo ilimukuta ku mupaka, ku telefone yake. Afisa alimuomba jeton, yeye, na machozi ya furaha, akamupatia ile telefone. Afisa akasoma, akacheka.

"Félicitations, Maman Infirmière! Sasa jeton."

Tafazali, mutumie hii ku magroupe yenu, imufikie muntu mwenye kuogopa shimi.