Mashati Juu ya Mkanju

Mwalimu Mwikali alitujia kutoka Kitui mwezi wa Januari, mwaka 1987, na sanduku la bati na pasi ya makaa. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Shule yetu huku Tezo, pwani, ilihitaji mtu wa kufundisha sayansi kimu, lile somo lililokuja na mtaala mpya, la kupika, kufua na kushona, na walimu wenye vyeti walilikimbia. Basi akapewa yeye kwa majaribio, aanze na sisi darasa la saba.

Nilimpenda siku ile ile. Katikati ya maneno aliweza kunyamaza akatazama mbali, nasi tukatazama huko huko, tusijue tunatazama nini. Lakini alikuwa na ulimi pia. Wavulana waliponung'unika kwamba kufua ni kazi ya kike, aliwauliza tu, "Mama akiugua, shati litajifua lenyewe?" Wakainama juu ya mabeseni.

Siku hiyo ya kufua tulikuja na leso za mama zetu. Kila mmoja alikuwa na shati moja jeupe la shule, la Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hivyo likiwa majini mwenyewe alijifunga leso. Tulifua kwa sabuni ya mche, tukasuza mara mbili, tukatia buluu. Kamba ya kuanikia haikuwapo. Mwalimu akaangaza nyuma ya darasa, akaona mikanju imeinamisha matawi yake hadi unayafikia kwa mkono, mabibo mekundu na manjano yameiva, kila moja na korosho yake chini. Uso ukamchangamka.

"Anikeni pale," akasema.

Sasa, mtoto yeyote wa huku anajua kwamba maji ya bibo na nguo havipatani. Yakidondoka huyaoni. Kesho yake ndipo doa hujitokeza, la kahawia, na halitoki tena mpaka nguo iwe tambara. Sote tulishachapwa na mama zetu kwa hilo. Lakini Kitui alikotoka Mwalimu mikanju hakuna, naye hakujua. Tukatazamana. Tulilelewa tusimkosoe mkubwa, na huyu alikuwa mkubwa na mwalimu pia. Tukaanika.

Saa ile ya kungoja sijapata kuona nyingine mfano wake. Watoto arubaini tumeketi majanini, wavulana kwa wasichana, tumejifunga leso za maua ya kila rangi. Harufu ya mabibo ilikuwa tamu hadi kichwa kinakuwa chepesi. Upepo ukija, mashati yote yaliinua mikono pamoja, kisha yakaishusha. Mwalimu alikuwa akitueleza namna ya kushona kifungo, sauti ikapungua, ikapungua, halafu naye akanyamaza akiyatazama mashati. Baadhi yetu walilala. Mimi nilisikia matone yakigonga kitambaa, nikajiambia ni maji ya kusuzia. Nilijua si maji ya kusuzia.

Kesho yake tulipopanga mstari, tulikuwa kama tuliomwagiwa chai.

Wazazi walikuja. Mzee Nzai alitangulia, ameliinua shati la mwanawe kwenye ncha ya bakora.

"Mwanangu," akamwambia Mwalimu, "shati hili nililipata kwa korosho. Leo korosho zimekuja kulichukua."

"Shikamoo, baba. Nimekosa mimi. Sikujua."

Hakutaja kwamba watoto walijua. Angeweza kutaja, akapona. Nikaona haya hadi masikio yakaniwaka.

Darasani alituuliza kwa upole, "Mlijua?" Akanitazama mimi. "Kanze?"

"Tulijua, Mwalimu," nikajibu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikustahi. Tena ulikuwa umefurahi."

Alikaa kwenye dawati la mbele. "Basi hili nalo ni somo, ingawa sikulipanga. Ukimwona mtu anaelekea kuharibikiwa, mwambie. Kwa adabu, lakini mwambie."

Habari za mashati zilifika ofisi ya elimu, na mwezi wa Februari akaja mkaguzi, Bwana Joram. Sote tuliambiwa kilichomleta: akiridhika, Mwalimu atapata barua ya kazi. Asiporidhika, atafunga sanduku lake arudi Kitui.

Chumba cha sayansi kimu kilikuwa kuta tu bila paa, kwa hivyo somo la kupiga pasi tulilifanyia nje. Jua lilikuwa kali. Bwana Joram akavua koti lake jeupe la kitani, akalitundika kwenye tawi la mkanju. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, akipuliza makaa. Juu ya koti palining'inia bibo lililopasuka.

Nikisema, Mwalimu ataambiwa anafundisha watoto ujuvi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwacha mtu aharibikiwe mara ya pili.

Nikasimama. "Shikamoo, bwana. Uniwie radhi. Koti lako lisikae hapo, litaingia doa."

Akanigeukia polepole. "Nani amekufundisha kumwambia mkubwa la kufanya?"

Ningeweza kusema ni bibi yangu. Nilimwona Mwalimu amesimama, pasi mkononi, hapulizi tena.

"Mwalimu Mwikali," nikasema.

Bwana Joram alilishusha koti, akaligeuza, akapata tone moja begani. Akalinusa. "Mbona hili halina rangi?"

"Litajitokeza kesho, bwana. La kahawia."

Akayatazama mashati yetu, safu baada ya safu, arubaini yenye madoa. Kisha akakaa akaandika kwa muda mrefu bila kucheka wala kukunja uso, akaenda zake. Wiki tatu nzima Mwalimu aliishi na sanduku lake limefungwa. Barua ya kazi ilipofika, aliisoma amesimama mlangoni, halafu akalia mbele yetu, nasi tukalia.

Mwaka uliofuata, mabibo yakiwa yameiva tena, Bwana Joram alirudi. Alivaa koti lile lile, doa lake begani. Alilivua, akasimama nalo mkononi, akalitazama darasa zima.

"Niliweke wapi?" akatuuliza.